Dhima ya Dola kwa Vijiji vya Kando ya Reli: Hoja Juu ya TAZARA na Bonde la Kilombero

Tangu ilipotiwa saini mjini Beijing, Septemba 2024, hati ya maelewano juu ya kuifufua Reli ya TAZARA, mbele ya Marais wa Tanzania, Zambia na China, na hasa baada ya mkataba wa uendeshaji wa miaka 30 kufuata mwaka 2025 baina ya serikali za Tanzania na Zambia na kampuni ya Kichina ya CCECC, imeenea kauli miongoni mwa wataalamu wa uchukuzi, nayo husemwa kwa yakini kama jambo lisilo na ubishi, kwamba mas'ala ya uwajibikaji katika reli hii sasa yamekwisha. Shirika la umma, husema wenye kauli hiyo, halikuwa na wa kumwogopa. Kampuni huuogopa mkataba wake, na ikishindwa kuutimiza huondolewa. Basi serikali ipumzike, ikusanye haki yake, na abiria apeleke malalamiko yake kwa mwendeshaji. Makala hii inaikataa kauli hiyo. Sina ugomvi na ukodishaji wenyewe, maana reli iliyolala haina faida kwa yeyote. Ugomvi wangu ni juu ya dhana kwamba deni ambalo dola ililiweka yenyewe juu ya mabega yake, kwa tendo lake na kwa amri yake, laweza kuhamishwa kwa saini pasipo kuulizwa yule anayedai.

Juu ya historia ya ujenzi hapana haja ya kukawia, kwa kuwa waandishi wengi wamekwisha kuafikiana. Mapatano yalifanywa mwaka 1967. China ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza mwaka 1970, njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakamilika mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa kwa serikali mbili zinazoimiliki kwa nusu kwa nusu. Ikhtilafu huanza pale inapoulizwa reli hii ilikuwa ya nani. Wako walioipima tangu mwanzo kwa mizani ya shehena peke yake, na mizani hiyo ni kongwe kuliko reli yenyewe: Benki ya Dunia ilikwisha kutoa rai mwaka 1964 kwamba njia hiyo haitalipa. Katika miaka ya marekebisho ya uchumi mizani ileile ilirudishwa, na kila tani iliyopungua ikahesabiwa kuwa ithibati ya kwamba wenye shaka walisema kweli. Ni kweli kwamba reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha 2014/15, na msiba huo haufichiki. Lakini mwenye kuitoa takwimu hiyo kuwa hukumu ya mwisho huwa amekwisha kuamua, kabla ya kufungua daftari, kwamba shaba ya Zambia ni mzigo na mkungu wa ndizi wa Mngeta, katika Bonde la Kilombero, si mzigo. Uamuzi huo hautoki katika elimu ya uchumi. Ni chaguo la kisiasa lililovaa joho la hesabu, na lingefaa litetewe kwa jina lake.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote umo katika utafiti wa mwanahistoria Jamie Monson, ambaye kitabu chake juu ya reli hii kilitoka mwaka 2009. Badala ya kuanza na Wizara au na wahandisi, Monson alikwenda kwenye stesheni za bondeni, baina ya Kidatu na Makambako, akapekua stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa humo na kuwasikiliza waliovipakia. Alichokikuta ni uchumi mzima uliokuwa ukiishi juu ya treni ya kawaida, ile isimamayo kila stesheni, na juu ya treni fupi ambayo abiria wenyewe waliiita kipisi: ndizi, mpunga, mahindi na mboga vikitoka mahali vilipo vingi kwenda mahali vilipo haba, gunia moja, magunia mawili, mkononi mwa mwanamke mchuuzi au mkulima asiye na mtaji wa kukodi lori. Msimu wa mavuno ulipopita upande mmoja wa bonde, watu walipanda treni kufuata kazi na mashamba upande wa pili. Katika vitabu vya shirika biashara hii haikuonekana sana, kwa sababu kifurushi hakipimwi kwa mizani ya behewa la shaba. Katika maisha ya Mang'ula, Mbingu, Chita na Mlimba ilikuwa ndiyo tofauti baina ya nyumba yenye bati na nyumba ya makuti, baina ya mtoto aliyelipiwa shule na mtoto aliyebaki kulinda ndege shambani.

Na watu hao walifikaje pale? Hapa ndipo mahali ambapo wapimaji wa shehena hupita mbio, nami nataka kusimama. Katika miaka ya 1970, wakati siasa ya vijiji vya Ujamaa ilipokuwa ikitekelezwa nchi nzima, kulikuwa na operesheni iliyoitwa Kando Kando ya Reli, ambayo kwayo wananchi waliokuwa wametawanyika bondeni na milimani walihamishwa na kuwekwa katika vijiji vilivyopangwa karibu na njia na stesheni. Madhumuni yalikuwa zaidi ya moja: kilimo kipate soko, huduma ziweze kufika, na reli, ambayo siku zile ilikuwa na maadui wenye silaha kusini mwa bara, ipate macho ya kuilinda. Kwa hiyo raia hakuijia reli kwa hiari ya mfanyabiashara ambaye kesho, biashara ikiwa mbaya, aweza kufunga duka na kwenda zake. Aliitwa, na mara nyingine alisukumwa, na dola iliyomwambia kwamba hapa ndipo njia yako ya maisha itakapopita. Akaacha makaburi ya wazee wake na mashamba aliyoyazoea, akajenga upya kando ya tuta la reli. Iwapo tendo hilo halizai dhima, basi sijui ni tendo gani la serikali liwezalo kuizaa.

Wananchi wenyewe waliielewa dhima hiyo mapema kuliko wanataaluma. Katika miaka ya 1990, shirika lilipokuwa likishurutishwa kujiendesha kibiashara na likakusudia kuzifunga baadhi ya stesheni ndogo, vijiji viliandika barua za kupinga, na barua hizo Monson amezichambua kwa insafu. Jambo la kuzingatiwa ndani yake ni aina ya hoja waliyoichagua. Waandishi wake hawakujinyenyekeza kama waombao sadaka, wala hawakujenga shauri lao juu ya faida ambayo shirika lingeipata kwa kuwahudumia. Walisema kama wenye haki, wakikumbusha kwamba reli ni ya wananchi, kwamba wao ndio walioilinda, na kwamba serikali iliyowaweka pale haiwezi kuwaondolea treni kana kwamba haikuwaweka. Waliandika kwa viongozi wa utawala na wa siasa, si kwa meneja wa biashara peke yake, kwa kuwa walijua deni liko kwa nani. Mimi naziona barua hizo kuwa ni hati za uwajibikaji zilizo bora kuliko ripoti nyingi za mwaka ambazo mashirika yetu yamezitoa, maana ndani yake mdai anajulikana, mdaiwa anajulikana, na chanzo cha deni kimetajwa.

Laiti barua hizo zingekuwa na mahali pa kupelekwa palipowekwa na sheria! TAZARA huongozwa na Baraza la Mawaziri wa nchi mbili na Bodi ya Wakurugenzi chini yake. Halmashauri za wilaya, ambazo tangu sheria za mwaka 1982 zimepewa kazi ya kusimamia maendeleo ya watu wake, hazina kiti katika mpango huo wala neno katika ratiba. Diwani wa kata yenye stesheni aweza kuuliza juu ya kisima, zahanati na barabara ya kijiji, na mtu akalazimika kumjibu. Akiuliza kwa nini treni ya kawaida haikuja wiki mbili, swali lake hupanda hewani. Huu ndio upungufu halisi, nao ulikuwapo tangu enzi ya shirika la umma; mkataba usipouponya, utaurithi na kuuongezea tabaka moja zaidi la watu wa kusingiziana.

Wala hatuna haja ya kubashiri, maana Tanzania imekwisha kulipita jambo hili katika Reli ya Kati. Mwaka 2007 uendeshaji uliwekwa mikononi mwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49, kwa muda wa miaka 25. Njia yenyewe, madaraja na ardhi vikabaki kwa kampuni ya Serikali ya RAHCO. Mafuriko yalipoibomoa njia mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, abiria wa Kigoma na Tabora alikuwa na milango mitatu ya kubisha, wa mwendeshaji, wa mwenye njia na wa Wizara, na kila mlango uliweza kumwonyesha mwingine. Mkataba ule haukutimiza hata mwaka wa tano, na sheria ya mwaka 2017 ikaviunganisha tena vilivyotengwa chini ya Shirika la Reli. Wapo waliohitimisha kutokana na mkasa huo kwamba umiliki wa umma ndio dawa. Naona wamevuka mpaka wa ushahidi wao. Muungano umerudisha nguvu ya kutenda, ambalo ni jambo kubwa, lakini umeacha pale pale swali la nani hulipia stesheni isiyolipa na nani huulizwa isipohudumiwa.

Hoja iliyo nzito dhidi yangu ni ya barabara. Husemwa kwamba zama za kipisi zimepita, kwa kuwa lami imesogea kutoka Kidatu kuelekea Ifakara, na Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero limeondoa adha ya kivuko kwa wasafiri wa Ulanga na Malinyi. Nakubali yote mawili, na kwa Ifakara yenyewe hoja ina uzito. Lakini msafiri anayeendelea kutoka Ifakara kwenda Mlimba wakati wa masika anajua udongo wa bonde lile humfanyia nini mwenye gari. Na kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, penye sehemu kubwa ya mahandaki na madaraja ya njia nzima, reli ilipitishwa mahali ambapo barabara haikuthubutu. Kusema kwamba barabara imeshika mahali pa reli, kwa kutazama ramani ya Ifakara na kuikunja kabla ya kufika Mlimba, si uchambuzi.

Hoja ya fedha ni nyepesi kuliko inavyotamkwa. Hapana anayetaka mwendeshaji alazimishwe kula hasara mpaka afilisike. Uingereza, baada ya Ripoti ya Beeching ya mwaka 1963 kupendekeza kufungwa kwa njia na stesheni nyingi kwa sababu haziingizi faida, ilitunga Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1968, ambayo kifungu chake cha 39 kilimruhusu Waziri kutoa ruzuku kwa huduma ya abiria isiyolipa lakini inayohitajiwa na jamii. Sipendekezi tuige taasisi za Kiingereza; nataka kuonyesha kwamba yawezekana kuitenga huduma ya jamii na biashara, kuitaja kwa jina, kuipangia bei, na kuiombea fedha Bungeni hadharani. Hasara iliyotajwa hivyo huacha kuwa siri ya mizania ya shirika, na huwa uamuzi wa wawakilishi, ambao wapiga kura wao waweza kuwauliza. Bila shaka vijiji vya Zambia, kutoka Nakonde hadi Mkushi, vina haki ileile, na mpango wa upande mmoja hautasimama bila wa upande wa pili.

Kwa hiyo ninachokidai ni kiambatisho cha mkataba kinachotangazwa kwa Kiswahili, chenye orodha ya stesheni za Tanzania zitakazohudumiwa, idadi ya treni za kawaida kwa wiki katika masika na kiangazi, kikomo cha nauli ya daraja la tatu na cha ada ya vifurushi, pamoja na fungu la bajeti litakalofidia hasara iliyothibitishwa, likikaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kadhalika, kila halmashauri inayopitiwa na reli ipewe kwa sheria haki ya kuletewa taarifa ya utekelezaji kila robo mwaka na kumwita mwendeshaji mbele ya baraza la madiwani aeleze kwa nini treni haikuja. Yawezekana haya yasitoshe kuiponya reli. Huenda hata stesheni moja mbili zikafungwa kwa haki baada ya wenyewe kusikilizwa. Lakini serikali ambayo haitaki kuyaandika haya wakati mkataba ungali mchanga haitayapata baada ya miaka kumi, wakati ratiba imekwisha kupangwa kwa ajili ya shaba na desturi imekwisha kuwa hoja. Wabunge wa majimbo yanayopitiwa na njia hii, kutoka Pwani hadi Songwe, wasiyapitishe makadirio yajayo ya Wizara ya Uchukuzi kabla hawajawekewa mezani kiambatisho hicho.