Mwalimu, Unalijua Jina Langu?

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Pugu, naenda kumsalimia shangazi. Pale Buguruni akapanda mzee mmoja na kikapu chake. Kumwangalia vizuri, moyo ukanipiga paa. Mwalimu wangu wa darasa la nne!

Nikainuka kumpisha kiti. "Shikamoo mwalimu." Akaitikia, "Marahaba," akaniangalia sana, kisha akauliza, "Nilikufundisha wapi?" Nikamtajia shule na mwaka, 2004. Akacheka kidogo. "Mwanangu, mlikuwa wengi. Majina nilishindwa."

Ndugu msomaji, mimi jina lake sikulisahau hata siku moja. Nilikuwa na kisa naye cha miaka ishirini. Nitakueleza, lakini kwanza tupitie historia kidogo, maana jibu lake lile lilinifanya nifikiri njia nzima hadi Pugu.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno "mwanafunzi" lina "mwana" ndani yake. Anayefunzwa ni mtoto wa mtu fulani. Na kule pwani, binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mzima wa kumfunda mambo ya utu uzima. Somo ni mtu, na somo ni kile unachojifunza. Neno moja! Binti akiolewa, somo yupo. Akijifungua, somo yupo. Huko mafunzo hayakuishia kwenye kengele ya saa nane. Sisemi kwamba yote yalikuwa mazuri, maana jandoni watu walichapwa, na bakora ya chuoni waliosoma Kurani wanaijua. Ila aliyekuchapa alijua wewe ni mtoto wa nani na jana ulilala na nini tumboni.

Kisha akaja Mjerumani. Miaka ya 1890 serikali yake ilifungua shule Tanga, kwa sababu alihitaji makarani, wakalimani na maakida. Ni utawala huohuo uliotuachia msemo wa "hamsa ishirini", yaani viboko ishirini na tano kwa mtu mzima aliyekosa mbele ya bwana. Kiboko hiki hakikuwa na ujamaa wowote na anayechapwa. Kilikuwa cha kumfanya aogope. Wakoloni waliondoka, kiboko tukabaki nacho, tukakipeleka darasani na kukiita malezi.

Lakini historia haina upande mmoja. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, ambako Padri Richard Walsh alimhimiza aende kusoma zaidi Uingereza. Akaenda Edinburgh mwaka 1949. Aliporudi akafundisha St. Francis, huku huku Pugu nilikokuwa naelekea, hadi mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya chaki na siasa. Akachagua siasa, lakini jina la Mwalimu hakuliacha. Angeweza kuitwa Mtukufu. Jiulize kwa nini lile la Mwalimu ndilo lililodumu.

Nasikia wazee wakisema, "Enzi zetu mwalimu alitujua wote." Kweli. Shule za bweni zilikuwa chache na wanafunzi wachache, mwalimu anaishi palepale. Lakini tusidanganyane. Darasa lilikuwa dogo kwa sababu watoto wengi walikuwa nje wanachunga mbuzi. Ule ukaribu tunaousifu ulilipiwa na wale ambao hawakupata nafasi.

Taifa huru likataka kuwaingiza wote. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, mwalimu na mwanafunzi washike jembe pamoja na waamue pamoja mambo ya shamba lao. Kwenye karatasi ni mapinduzi. Sasa niambie, shuleni kwako jembe ulilijua kama nini? Mimi nililijua kama adhabu. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na kufikia 1977 kila mtoto wa rika la shule alitakiwa awe darasani. Walimu wakatoka wapi? Waliomaliza darasa la saba wakafunzwa harakaharaka, wakapewa chaki. Watani wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka sana, lakini bila hao wazazi wetu wengi wasingejua kusoma.

Historia ikajirudia. Ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 2001, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Mimi nilikuwa mmoja wao. Darasa letu lilikuwa na watoto 114, wanne kwenye dawati moja, waliobaki sakafuni. Mwalimu mmoja. Mshahara wake ulikuwa wa kuungaunga, ndiyo maana mapumziko alituuzia visheti.

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa na rafiki, tumwite Juma. Juma alikuwa akichelewa kila siku, na kila siku anachapwa mbele yetu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Nani alikuwa anahesabu? Siku moja Juma hakuja. Wala ya pili. Baadaye tukajua mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa anachota maji na kupika uji kabla ya kuja shule. Hakurudi tena. Mwalimu hakumuuliza hata mara moja, "Juma, kwa nini unachelewa?"

Kwa miaka ishirini nilidhani mwalimu yule alikuwa katili tu. Kwenye daladala nikaona kitu kingine. Mtu mmoja mbele ya watoto 114 hawezi kuwa somo wa kila mmoja, na fimbo ndiyo njia rahisi ya kuongea na umati usioujua kwa majina. Hilo linaeleza. Halisamehe. Swali la "kwa nini unachelewa" lingechukua dakika moja, na viboko vilichukua zaidi ya hapo.

Na matokeo yake si ya kisa changu tu. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni. Tulilia wiki moja, tukaendelea na mambo yetu.

Tumejenga madarasa, tumechanga madawati, tumefuta ada. Yote mema. Lakini mtoto hajifunzi kutoka kwenye dawati. Tukipanga idadi ya walimu, tuwe tunapanga pia ni watoto wangapi mtu mmoja anaweza kuwajua.

Mzee alishuka Gongo la Mboto. Nilimsaidia kikapu. Kabla hajashuka nilimuuliza, "Mwalimu, unamkumbuka Juma?" Akasimama kidogo mlangoni, konda anapiga bati kwa haraka.

"Yule wa kuchelewa?" akasema. "Alikwenda wapi yule?"