Protini zinavyoongoza tone la dawa linapokauka

Tone la kahawa likimwagika mezani na kuachwa likauke, doa linalobaki halina rangi moja. Katikati huwa hafifu, ilhali pembeni hujitokeza duara jeusi. Kiini cha jambo hilo kilielezwa mwaka wa 1997 na Robert Deegan pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, katika jarida la Nature.

Walionyesha kuwa ukingo wa tone hung'ang'ania pale ulipogusa meza, na kwamba maji hugeuka mvuke kwa kasi zaidi ukingoni kuliko katikati. Ili kuliziba pengo hilo, maji ya katikati hutiririka kuelekea pembeni yakikokota chembechembe zilizomo. Huko ndiko zinakorundikana.

Kwa kahawa, hasara ni doa la kufutwa tu. Kwa dawa mambo ni mengine. Zipo dawa zinazotengenezwa kwa kukausha matone, ama yakidondoshwa na mashine mfano wa printa juu ya utando mwembamba unaomezwa, ama yakinyunyizwa katika hewa moto ili yawe unga wa kuvutwa mapafuni. Dawa kali ambayo kipimo chake ni miligramu chache ikirundikana pembeni mwa utando, kipande kimoja kinaweza kuwa na dawa kupita kiasi huku kingine kikikosa. Isitoshe, ikiganda kuwa fuwele kubwa, huyeyuka polepole mwilini.

Protini husaidia kwa sababu ya umbile lake. Ina sehemu zinazopenda maji na nyingine zinazoyakwepa, hivyo hukimbilia pale maji yanapokutana na hewa na kupunguza mvutano wa uso wa maji. Mvutano huo ukitofautiana kati ya sehemu moja ya tone na nyingine, maji huvutwa kuelekea palipo na mvutano mkubwa. Mkondo huo, unaoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Italia wa karne ya 19, Carlo Marangoni, unaweza kuirudisha katikati dawa iliyokuwa ikielekea ukingoni. Aidha, protini huzivika chembe za dawa na kuufanya mchanganyiko uwe mzito, zisiweze kusafiri mbali.

Maabara nyingi hutumia albumini ya damu ya ng'ombe, au lisozimu inayopatikana katika ute wa yai. Lisozimu ndiyo aliyoigundua Alexander Fleming katika kamasi, akaitangaza mwaka wa 1922, kabla ya penisilini kumpa sifa. Albumini ni nzito kuishinda zaidi ya mara nne. Katika maji yasiyo na asidi wala magadi, albumini hubeba chaji hasi na lisozimu chaji chanya, na kwa hiyo mtengenezaji huchagua protini kwa kutazama chaji ya dawa yake.

Kiasi nacho si cha kupuuzwa. Protini ikizidi, yenyewe hujenga duara ukingoni, kisha utando wake hunywea na kupasuka nyufa.

Katika dawa za kuvuta pumzi, protini hufanya kazi ya namna nyingine. Tone linaponyunyizwa, protini hutanda juu yake na kuwa ganda. Maji ya ndani yakiisha, ganda hubonyea na chembe kubaki na makunyanzi kama tunda lililokauka. Mtu angedhani chembe laini ndiyo bora. La hasha! Zenye makunyanzi hugusana mahali pachache, hazishikamani sana, na hutawanyika vyema zinapovutwa.

Hata hivyo, protini si kiungo cha kutiwa ovyo. Joto likizidi hupoteza umbo lake na uwezo wa kufanya kazi iliyokusudiwa, na lisozimu ya ute wa yai inaweza kumdhuru mgonjwa mwenye mzio wa mayai.