Hesabu za Mashamba na Sheria za Mazingira: Kutoka Herufi House hadi Satellite

Takwimu za kilimo ni hesabu ambazo serikali hukusanya kuhusu ardhi inayolimwa, mazao, mifugo na kaya zinazoishi kwa kazi hiyo. Kanuni za mazingira ya shambani humweleza mkulima alime wapi, aache wapi, na uchafu wa zizi aupeleke wapi. Nchini Kenya mambo haya mawili yako chini ya ofisi tofauti, ilhali moja haliwezi kusimama bila lingine: kanuni haimlindi wala kumwongoza mkulima asiyeonekana katika hesabu. Jambo hilo ni wazi zaidi magharibi mwa Nairobi, katika mitaa ya Dagoretti: Satellite, Riruta, Waithaka na Mutuini.

Nani huhesabu

Sheria ya Takwimu ya 2006 iliunda Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na makao yake Herufi House, katikati ya jiji. Kwa Katiba ya 2010, kilimo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo taarifa za msimu huanzia kwa afisa wa kilimo wa nyanjani, hupanda hadi kaunti, hufika wizarani Kilimo House, kisha huchapishwa na KNBS katika ripoti ya uchumi ya kila mwaka.

Hesabu hupatikanaje

Njia ya kwanza ni makadirio ya macho: afisa huangalia msimu ulivyokwenda, akauliza wakulima, akakisia ekari na magunia. Ni rahisi, lakini hutegemea sana uzoefu wa mtu mmoja mwenye eneo kubwa na pengine asiye na usafiri. Ya pili ni kipimo cha mavuno, ambapo kipande kidogo cha shamba hupimwa kwa kamba, huvunwa, na mazao yake huwekwa kwenye mizani. Ya tatu ni sensa.

Sensa ya 2009 ilionyesha jinsi makadirio yanavyoweza kupotoka. Ilipata ng'ombe wapatao milioni 17.5 na mbuzi wapatao milioni 27.7, idadi iliyozidi mno ile iliyokuwa ikitumiwa na serikali. Utafiti uliotolewa na jumuiya ya kikanda ya IGAD mwaka 2011 ulikadiria kwamba mchango wa mifugo katika pato la kilimo ulikuwa takriban mara mbili unusu ya ule ulioandikwa rasmi. Kwa miaka mingi sera zilikuwa zimetungwa huku sehemu kubwa ya mali ya wafugaji ikiwa nje ya daftari.

Sensa ya 2019 ilipata kaya milioni 12.1 nchini, na takriban milioni 6.4 kati yake zilikuwa zikifanya kilimo. Mwaka 2023 machifu na manaibu wao walisaidia kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Hapo daftari likaanza kuwa na majina ya wakulima, badala ya jumla peke yake.

Kanuni za ardhi na maji

Kanuni za Matumizi ya Ardhi za 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na kutaka kinga ya udongo penye mteremko wa zaidi ya asilimia 12. Sheria ya Mazingira ya 1999 ilileta mamlaka ya NEMA. Kanuni za misitu ya shambani za 2009 zikamtaka mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti.

Ukingo wa mto ndio wenye utata. Kwa kanuni za 1965, kijito chenye upana usiofika mita 2 huachiwa mita 2. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka ukingo usipungue mita 6 wala kuzidi 30. Kwa mwenye kishamba kinachoenda mita 30 kutoka kijitoni, kanuni ya kwanza humchukulia chini ya asilimia 7 ya ardhi, na ya pili asilimia 20. Tofauti hiyo inaweza kuwa sehemu ya lishe ya ng'ombe, au ya karo.

Zinapokutana

Dagoretti iliingizwa Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963, ikaja na mashamba yake ya ukoo. Hadi leo, kati ya nyumba za kukodisha, mna sukuma wiki, nyasi za nepia, kuku na ng'ombe wa gredi. Kilimo hiki si kigeni mjini: uchunguzi wa Mazingira Institute wa 1985 ulipata kwamba asilimia 29 ya kaya za miji sita ya Kenya zililima humohumo mjini. Hata hivyo, ni mwaka 2015 tu ndipo Kaunti ya Nairobi ilipopata sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Makadirio ya msimu yamejengwa kwa ekari, kwa hiyo bustani ya nyuma ya nyumba huyeyuka ndani yake. Kanuni ya ukingo, kwa upande wake, huifikia moja kwa moja. Nepia huonekana na kila apitaye. Bomba la maji taka lililofukiwa ardhini halionekani. Pasipo vipimo vya nani analima nini na nani anamwaga nini, sheria humwangukia anayeonekana badala ya anayechafua.

Dawa iko karibu. Daftari la wakulima liandike bustani ndogo na mazizi ya mjini, vijito vipimwe upana, mipaka ya ukingo ipandwe vigingi kwa kanuni moja, na maji yapimwe juu na chini ya kila eneo. Hapo afisa wa NEMA na afisa wa kilimo watafika Satellite wakiwa na karatasi moja, na mkulima atajua kabla ya kupanda mbegu ni mita ngapi zilizo zake.