Dakika 20 za New York

Juma hili nazungumzia dakika 20 tu.

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, jijini New York, pacha wa kusini katika yale majengo marefu mawili alikuwa amekwisha anguka. Saa 4:08 za kule, rubani wa helikopta ya polisi alitangaza kwa simu ya upepo kwamba pacha wa kaskazini naye hatadumu. Polisi wakamsikia. Askari wa zimamoto waliokuwa ndani hawakumsikia, maana simu zao zilikuwa kwenye mawimbi mengine. Wakuu wao waliamuru watoke, lakini si wote walioipata amri hiyo. Saa 4:28 jengo likaanguka. Siku ile walikufa askari wa zimamoto 343.

Onyo lilikwisha kutolewa. Bomu la mwaka 1993 katika majengo yayo hayo lilionyesha kwamba simu hizo hazisikiki vizuri ghorofani. Kikafungwa chombo cha kukuza mawimbi. Lakini asubuhi ile kitufe kimoja hakikubonyezwa. Wakuu kwenye jengo la kaskazini wakadhani chombo ni kibovu, wakakiacha.

Februari 2012 Marekani ilitunga sheria ya kujenga FirstNet, mtandao mmoja wa kasi usiotumia waya kwa polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Ulitengewa dola bilioni 7, na mwaka 2017 kampuni ya AT&T ikapewa kazi hiyo kwa miaka 25. Umma wote unapopiga simu kwa pamoja, waokoaji hupishwa kwanza, kama gari la wagonjwa barabarani.

Hata kwetu somo hili lilikuja kwa damu. Mwaka 2013, katika shambulio la Westgate jijini Nairobi, walikufa watu 67, na polisi na wanajeshi wakafyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa polisi wenye kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa shilingi karibu bilioni 15.

Fedha hununua minara. Hazinunui mazoea ya askari wa vikosi mbalimbali kufanya mazoezi pamoja kabla ya siku mbaya.

Mjini kwako, polisi akiona moto, zimamoto hupata habari kwa njia gani? Muulize diwani wako leo, king'ora hakijalia.