Urithikaji si Urithi

Posa ikipelekwa huku Lukenya, kama ilivyo kwingine Machakos, wazee huulizia chini kwa chini habari za ukoo wa pili: je, kwao kuna aliyewahi kuugua akili? Wakiambiwa yupo, husema, "Huo hurithiwa," na mara nyingine uchumba huishia hapo. Neno hilohilo linatumika hospitalini, na ndilo wengi hulitumia kutafsiri kipimo cha wanajenetiki ambacho maana yake ni nyingine kabisa. Kipimo hicho napendekeza tukiite urithikaji. Sarufi yetu inaruhusu: soma huzaa someka na usomekaji, basi rithi itazaa rithika na urithikaji.

Ploti ya Lukenya hurithiwa kwa hati. Mzee akifariki, hati hubadilishwa jina na mrithi huchukua kilichokuwa cha baba yake, eka kwa eka. Ugonjwa wa akili hauhami hivyo. Utafiti mkubwa wa skizofrenia, mmojawapo wa magonjwa ya akili, uliochapishwa mwaka 2022 ulitaja maeneo 287 ya jenomu yanayohusiana nayo, na karibu kila moja huongeza hatari kidogo mno.

Urithikaji, basi, ni sehemu ya tofauti zilizopo kati ya watu wa jamii fulani, katika mazingira fulani, inayoelezwa na tofauti za jeni zao. Hupimwa kwa jamii, wala haupimwi kwa mtu mmoja. Tafiti za mapacha hukadiria urithikaji wa skizofrenia kuwa karibu asilimia 80, wa sonona karibu 37, na wa haiba, yaani mwelekeo wa kudumu wa mtu katika kuhisi na kutenda, karibu 40. Mzazi akisikia 80 hushtuka, akidhani mwanawe ana nafasi nane kati ya kumi za kuugua. Ukweli ni kwamba mtoto mwenye mzazi mmoja anayeugua skizofrenia ana hatari ya takriban asilimia 10. Watoto wengi wa aina hiyo hawaugui kamwe.

Tena kipimo hiki hupanda na kushuka. Wanafunzi wa bweni moja wanaokula chakula kimoja na kulala saa ileile wakitofautiana, jeni zitaonekana kuwa na uzito mkubwa. Wachanganye na vijana waliokimbia vita, uzito huo utapungua, ingawa hakuna jeni iliyobadilika.

Kupuuza mazingira kumewahi kutugharimu. Mwaka 1954, mwaka uleule wapiganaji wa Mau Mau walipovamia gereza la Lukenya na kuwafungua wafungwa, serikali ya kikoloni ilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari, kikiyaeleza maasi kwa saikolojia ya Wakikuyu. Ardhi iliyonyang'anywa iliwekwa kando, nafsi ya mtu ikalaumiwa. Naliona hilo kuwa dhuluma iliyovishwa joho la udaktari.

Profesa Lukoye Atwoli, daktari wa akili Mkenya, amefuata njia tofauti. Mwaka 2013, yeye na wenzake walichambua takwimu za watu wazima 4,351 wa Afrika Kusini. Asilimia 73.8 walikuwa wamepatwa na angalau tukio moja la kutisha maishani, lakini waliowahi kuugua msongo wa baada ya kiwewe walikuwa asilimia 2.3 tu. Kwa nini huyu aliugua na yule hakuugua? Aina ya tukio, utoto, haiba, msaada wa jamaa na jeni, vyote vimo katika jibu. Atwoli pia ni miongoni mwa watafiti wa NeuroGAP, mradi wa jenetiki ya saikosisi, kundi la magonjwa linalojumuisha skizofrenia, uliokusanya sampuli za mate Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Nchini mwetu umefanyika Eldoret na Kilifi. Unahitajika sana, maana data nyingi za jenetiki ya akili zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Ombi langu ni kwa wanaotafsiri fomu za ridhaa na kwa madaktari wanaozungumza na familia: andikeni urithikaji mnapotaja kipimo, mkieleze kwa sentensi moja, na msimwache mzazi aondoke akiamini kwamba amempa mwanawe wazimu.