Peptidi Zinavyozima Sumu ya Bakteria

Endotoksini ni sumu iliyo sehemu ya utando wa nje wa bakteria wa kundi la Gramu hasi, kama vile Escherichia coli na Salmonella. Mwaka 1892, Richard Pfeiffer wa Ujerumani alionyesha kuwa vimelea vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa kwa joto bado viliwadhuru wanyama wa maabara, kwa sababu ya sumu hiyo.

Kikemia, endotoksini ni lipopolisakaridi: mnyororo wa sukari ulioshikamana na mafuta yaitwayo lipidi A. Ukali wake umo katika lipidi A. Bakteria anapopasuka, sumu humwagika kwenye damu, protini za damu huidaka na kuifikisha kwenye kipokezi TLR4 cha seli za kinga. Seli hizo hutoa kemikali za kuamsha homa na uvimbe. Zikizidi, mishipa hulegea, presha hushuka na figo hushindwa kazi. Kwa hiyo antibiotiki inaweza kuua bakteria, sumu yao ikabaki.

Peptidi za kinga hukabili bakteria na sumu yao pia. Ni vipande vifupi vya protini, vingi vikiwa na chaji chanya na sehemu inayopenda mafuta. Lipidi A ina fosfati zenye chaji hasi, ambazo kwa kawaida hufungwa pamoja na magnesiamu na kalsiamu. Peptidi huvutwa na chaji hiyo, huyaondoa madini hayo, kisha huzamisha sehemu yake ya mafuta ndani ya lipidi A. Utando hutoboka, na sumu iliyonaswa haiwezi tena kuamsha TLR4.

Mwili wa binadamu una peptidi iitwayo LL-37, yenye asidi amino 37, inayopatikana kwenye ngozi na seli nyeupe za damu. Peptidi nyingine, polimiksini B, iliyogunduliwa mwaka 1947, hutoka kwa bakteria wa udongoni. Kwa kuwa inaweza kuumiza figo, Wajapani waliibandika kwenye nyuzi za kichujio. Tangu 1994 damu ya wagonjwa hupitishwa humo ili inase sumu.

Bakteria nao hujihami. Jeni mcr-1, iliyoripotiwa China mwaka 2015, hubadilisha lipidi A na kupunguza chaji yake hasi, hivyo kolistini, ndugu wa polimiksini B, hukosa pa kushika. Jeni hiyo ilionekana kwa nguruwe na kwa wagonjwa. Tusiwape mifugo kolistini ili wanenepe: ni miongoni mwa dawa za mwisho tulizobaki nazo.