Skripti za Tovuti Kuzuiwa na Sera za Usalama za Mfumo Endeshi

Mkulima wa kakao wa Ipinda, wilayani Kyela, anayetafuta bei ya mnada mtandaoni, au msafiri wa Matema anayehitaji ratiba ya meli za Ziwa Nyasa, anaweza kukuta ujumbe wa kosa namba 403 au 500 ilhali seva inafanya kazi na ruhusa za faili ni sahihi. Katika seva za Linux, chanzo kimojawapo ni SELinux, mfumo wa ulinzi uliotolewa kwa umma Desemba 2000 na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, kisha ukaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003.

SELinux huipa kila faili lebo. Programu ya tovuti huendesha skripti yenye lebo inayokubalika tu, hata kama mmiliki wa faili ameruhusu kila kitu. Ndiyo maana kuandika chmod 777, tiba inayopendwa na wengi, hakusaidii; huongeza hatari tu. Kosa la kawaida hutokea faili linapoandaliwa katika folda ya mtumishi na kuhamishwa kwa amri ya mv: huja na lebo yake ya zamani. Likinakiliwa kwa cp, kwa kawaida hupata lebo ya folda jipya.

Mtaalamu huanza na getenforce. Jibu likiwa Enforcing, ausearch -m avc -ts recent huonesha kilichozuiwa, na ls -Z huonesha lebo ya faili. Kwa skripti iliyomo /var/www/cgi-bin, restorecon -Rv hurejesha lebo sahihi. Folda lisilo la kawaida husajiliwa kwanza kwa semanage fcontext, kwa sababu lebo iliyowekwa kwa chcon pekee hufutika lebo zinapopangwa upya. Skripti ikishindwa kufikia hifadhidata iliyo katika seva nyingine, huhitajika setsebool -P httpd_can_network_connect_db on.

Amri ya setenforce 0 hulegeza ulinzi wa seva nzima, pamoja na taarifa za wananchi zilizomo. Itumike kwa dakika chache za uchunguzi, kisha setenforce 1 ifuate.

Seva za Ubuntu kwa kawaida hutumia AppArmor, inayoangalia mahali faili lilipo badala ya lebo. Huko uchunguzi huanza na aa-status.